Kijana wa Juu ya Mpeasi

Riek: Driel hapa, kwa Riek. Kama ni yule kijana muuza madirisha, nilishasema sitaki. Niliyonayo yanafunguka.

Jadzia: Shangazi, si wa madirisha. Ni mimi, Jadzia.

Riek: Jadzia yupi?

Jadzia: Ala! Unawajua Jadzia wangapi?

Riek: Mmoja tu. Binti wa Ignacy, wa kule Scotland. Lakini yule tangu tumzike baba yake mwezi wa tano hajanipigia, nikajua labda amehamia mwezini.

Jadzia: [anacheka kidogo] Nisamehe, Shangazi. Shikamoo.

Riek: Marahaba, mwanangu. Mbona sauti kama ya kuku aliyenyeshewa? Unakula?

Jadzia: Nakula.

Riek: Unakula nini? Zile biskuti kavu zenu? Njoo upesi ninenepeshe hiyo mifupa. Chumba cha juu ya jiko nimeshakitandika. Nimeweka na mto wa baba yako, ule wa manyoya, ingawa ulijaa—

Jadzia: Shangazi—

Riek: —ulijaa makombo ya mkate. Mtu mzima, askari wa miavuli, anakula mkate kitandani kama—

Jadzia: Shangazi, mwaka huu siji.

[Laini inakwaruza.]

Riek: Sikusikia. Niko bustanini, huku nje simu inachemka kama mafuta. Ngoja niingie. Haya, sema.

Jadzia: Nimesema siji. Mwezi wa tisa. Kile chumba mpe mtu mwingine.

Riek: Ni goti?

Jadzia: Si goti.

Riek: Umepata mwanamume? Mlete, ni kitanda cha watu wawili.

Jadzia: Nina miaka sitini na sita, Shangazi!

Riek: Kwa hiyo? Mimi nina themanini na nne na yule mwenye duka la baiskeli bado ananijazia upepo bure. Hebu acha kuzunguka. Mwaka huu inatimia miaka sabini na mitano tangu askari wa Kipolandi washuke na miavuli hapa kijijini Driel. Watoto wa shule wameshagawiwa makaburi ya kuwekea maua. Bendera ya kwenu, ya Kipolandi, nimeipiga pasi mwenyewe. Kuna nini?

Jadzia: Nilikuwa nasafisha nyumba ya baba. Chini ya kabati la viatu nikakuta bati la biskuti. Ndani mna daftari lake la jeshi.

Riek: Ehe.

Jadzia: Limeandikwa siku aliyoruka na mwavuli kutoka kwenye ndege. Tarehe ishirini na tatu, mwezi wa tisa, mwaka arobaini na nne.

Riek: Ehe.

Jadzia: Shangazi, nyinyi kwenu walishuka tarehe ishirini na moja! Alhamisi! Hadithi hii naijua kuliko jina langu. Wewe una miaka tisa, uko na ndoo ya mapeasi, juu ya mti unashuka mwavuli, na mtu ananing'inia kichwa chini, anapiga kelele za Kipolandi. Babako anatoka na uma wa majani akidhani ni Mjerumani—

Riek: Alikuwa na reki. Uma alikuwa ameuficha.

Jadzia: Reki, sawa. Bibi yako Dirkje anamfokea babako, anamshusha kijana, anamlisha supu ya maharage jikoni. Huyo ndiye baba yangu! Ndivyo nilivyokua nikisikia! Sasa nimeuliza watu wanaojua. Alhamisi ile ndege nyingi zilirudishwa kwa sababu ya mawingu. Baba alikuwa kwenye mojawapo. Alikuja kuruka Jumamosi, mbali huko karibu na mto mwingine. Hakutua kwenye mpeasi wenu. Hakutua kwenye mti wowote!

Riek: Mm.

Jadzia: Ndiyo hiyo tu? "Mm"?

Riek: Nangoja umalize, unapumua vibaya.

Jadzia: Miaka hamsini na minane analala kitandani kwenu, na mimi nakuita shangazi kwa ajili ya mti ule. Anakula chakula chenu. Anapigwa picha chini ya mti ule na kofia yake. Shangazi, baba yangu aliwadanganya. Mimi nitasimama vipi pale na maua? Uso nitauweka wapi?

Riek: Umemaliza?

Jadzia: Nimemaliza.

Riek: Nywele za baba yako kabla ya mvi zilikuwa rangi gani?

Jadzia: Nyeusi. Unajua. Hata jina letu la ukoo maana yake kunguru.

Riek: Yule wa mpeasi alikuwa na nywele nyekundu kama karoti. Na pengo hapa mbele. Na kijiko alikishika kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa na miaka tisa, Jadzia, sikuwa kipofu.

Jadzia: Ulijua?

Riek: Tangu siku ya kwanza. Mwaka sitini na moja, Jumapili, nimetoka kuosha vyombo. Naona mwanamume langoni, amevua kofia, anaigeuza-geuza mkononi kama anakuja kuomba kazi. Nywele nyeusi, meno yote kamili. Nikajua huyu si Bolek.

Jadzia: Bolek?

Riek: Bolek ndiye wa mpeasi. Alikaa kwetu usiku mmoja na mchana mmoja. Usiku wa pili wakavushwa mto kwa viboti vya mpira, kwenda kuwasaidia wale Waingereza ng'ambo. Wengi hawakufika. Bibi Dirkje alimfungia mkate kifuani, akamwambia vita vikiisha urudi, supu ipo. Halafu akangoja. Miaka kumi na saba, Jadzia. Jina lake halikumkaa kichwani, kila mwezi wa tisa anauliza tu: yule kijana wetu hajaja?

Jadzia: Na baba... alikuja kuwaambia.

Riek: Alikuja kutuambia kwamba amekufa. Walikuwa marafiki, hilo nilikuja kulijua baadaye, makaburini. Lakini hakuwahi kufungua kinywa. Bibi alikuwa haoni tena, mboni zote nyeupe. Akasikia mtu anasema "mimi ni Mpolandi, askari wa miavuli", akamrukia! Kikongwe wa futi tano! Akamkamata masikio yote mawili: "Umerudi! Mshenzi wewe, umechelewa, supu imepoa!"

Jadzia: [anacheka, sauti inakatika] Na baba?

Riek: Baba yako alinitazama mimi. Nami nikamtazama. Nikavuta kiti.

Jadzia: Shangazi...

Riek: Ungefanya nini wewe? Ungemwambia kikongwe, hapana mama, wako ameoza kitambo, mimi ni mwingine? Alikaa, akala sahani tatu. Ya tatu alikula machozi yanadondoka humo humo. Bibi akasema, chumvi imezidi eti?

[Laini inakwaruza.]

Jadzia: Lakini Bibi Dirkje alikufa mwaka sitini na nane. Nakumbuka, nilivaa viatu vya kuazima. Baada ya hapo kwa nini hakusema?

Riek: Angemwambia nani? Mimi ninajua, yeye anajua kwamba ninajua—

Jadzia: Mliwahi kuongea?

Riek: Aka. Hata mara moja.

Jadzia: Miaka hamsini na minane!

Riek: Tulikuwa na mambo mengine ya kuongea. Mapeasi. Magoti yake. Wewe na yule mume wako wa kwanza.

Jadzia: Tusifike huko.

Riek: Alikuwa na masikio kama milango ya gari.

Jadzia: Shangazi!

Riek: Haya, tumwache. Niulize jambo moja. Wewe mwenyewe, kwa masikio yako, uliwahi kumsikia baba yako akisimulia ile hadithi ya mpeasi?

Jadzia: Mara mia! Kila mwaka mezani pale—

Riek: Yeye?

Jadzia: Yeye... Hapana. Ngoja. Bibi alisimulia. Halafu wewe. Yeye alikuwa anauliza. "Na baada ya supu, alisema nini? Alilala upande gani?"

Riek: "Alisema". "Alilala". Hakusema "nilisema". Wewe ulidhani Kiholanzi chake ni kibovu.

Jadzia: Nyote mlimcheka kwa hilo!

Riek: Tulimcheka, ndiyo. Lakini Kiholanzi alikijua. Sasa sikia na hii. Kila mwaka kabla ya sherehe nilikuwa nampeleka ng'ambo, makaburini Oosterbeek. Kaburi la Bolek. Mimi nakaa nyuma kidogo, yeye anainama ananong'ona Kipolandi. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikachoka. Nikajiandikisha darasa la Kipolandi, Arnhem, kila Jumanne miaka miwili.

Jadzia: Ili umsikilize?

Riek: Ili nimsikilize! Sasa ulidhani nilitaka kusoma vitabu? Mwaka uliofuata nikasogea, najifanya nang'oa magugu. Nikasikia. Anamwambia: "Bolek, nimekula tena supu yako. Mwaka huu ilikuwa na nyama."

[Jadzia analia taratibu.]

Riek: Lia, lia. Lakini pangusa pua, unanikoromea sikioni.

Jadzia: Kwa nini hukuniambia?

Riek: Haikuwa yangu kusema. Ndivyo nilivyojiambia. Hebu niambie, kwenye hilo bati hamna kingine?

Jadzia: Barua. Fungu zima, zimefungwa kwa uzi. Sikuzisoma. Nilipoona lile daftari nilikasirika, nikafunga bati.

Riek: Zimetoka kwa nani?

Jadzia: Ngoja nivae miwani... Stefania. Kutoka Tarnów, mji wa Wapolandi. Zote ni mwandiko mmoja.

Riek: Stefania. Jina hilo sijawahi kulisikia. Fungua moja.

Jadzia: Ya zamani au ya karibuni?

Riek: Yoyote, usinitese!

Jadzia: Hii ya mwaka sitini na tatu. "Mpendwa Ignacy. Mama amenifanya nimsomee mara nne pale mahali pa mti. Amecheka mpaka akakohoa. Anasema huyo ndiye Bolek hasa, tangu mdogo alijua kupanda, kushuka hajui. Umshukuru sana yule bibi kwa supu. Muulize, kama unaweza, alikuwa amevaa soksi nzito? Mama anataka kujua kama hakusikia baridi." ... Shangazi. Ni dada yake. Ni dada yake Bolek.

Riek: [polepole] Soksi. Aliniuliza kweli habari za soksi. Nikamwambia, we Ignacy una kichaa, nani anakumbuka soksi baada ya miaka ishirini? Halafu Bibi akadakia: za kijivu, nilizianika mimi mwenyewe juu ya jiko.

Jadzia: Alikuwa anakusanya. Kila mwaka anakuja kukusanya na kuwapelekea.

Riek: Na mimi nilidhani anapenda supu tu.

Jadzia: Ngoja, ya juu kabisa. Ni ya Krismasi iliyopita. Mwandiko umepinda, herufi kubwa-kubwa. "Ignacy, mimi sasa nina miaka themanini na sita. Kila mwaka nakuomba unipeleke Driel nikaione ile bustani, na kila mwaka unasema mwaka ujao. Kaburi nimeliona kwenye picha tu. Sikulaumu. Lakini nazeeka, na ningependa kukaa kwenye lile jiko hata saa moja. Namba yangu ya simu ni ileile, naiandika tena hapa chini."

Jadzia: Shangazi? Upo?

Riek: Nipo.

Jadzia: Alimkatalia.

Riek: Aliogopa. Angekuja huyo Stefania hapa, angeuliza mezani, "ni wapi alipokaa kaka yangu?" Na baba yako ndiye amekaa kwenye kile kiti.

Jadzia: Kwa hiyo alimnyima. Miaka yote hiyo.

Riek: Alimnyima. Na mimi pia.

Jadzia: Wewe hukumjua hata—

Riek: Sikumjua kwa sababu sikuuliza! Nilijiona mwerevu kwa kunyamaza kwangu. Najua siri, natabasamu, natandika kitanda. Ningesema neno moja tu, hata pale makaburini, "Ignacy, ninajua, tulia", angepumua. Angemleta dada wa watu zamani, miguu yake ikiwa bado na nguvu. Neno moja, Jadzia. Kwa Kipolandi nilikuwa nalo, nilililipia ada.

Jadzia: Usijilaumu hivyo.

Riek: Najilaumu ninavyotaka, ni nyumba yangu. Una kalenda hapo?

Jadzia: Ninayo.

Riek: Sherehe ni baada ya wiki tatu. Kutoka kwako kwenda Tarnów kuna ndege?

Jadzia: Mpaka Kraków ipo. Kisha treni.

Riek: Basi utamfuata. Usimwache apande peke yake, mtu wa miaka hiyo.

Jadzia: Shangazi, ngoja kwanza, mimi hata hanijui! Na hajui kama baba amefariki. Nitaanzia wapi?

Riek: Mwambie jina lako, na wewe ni binti wa nani. Halafu mwambie baba hayupo tena. Halafu nyamaza, mwache alie.

Jadzia: Na ile habari ya... ya baba kukaa mahali pa Bolek?

Riek: Mwambie kweli yote. Lakini hiyo njiani, ndani ya treni, si kwenye simu. Akikasirika, mlete hivyo hivyo amekasirika. Hasira tutazila pamoja hapa. Akikataa kuja... hapana, hatakataa. Mtu anayeuliza habari za soksi hakatai.

Jadzia: Yeye atalala wapi?

Riek: Chumba cha juu ya jiko, kitanda cha kaka yake. Wewe utalala sebuleni kwenye kochi.

Jadzia: Kochi lenye springi!

Riek: Lenye springi. Ndiyo adhabu yako kwa kusema huji. [mlio mfupi] Hiyo ni betri yangu.

Jadzia: Ulisahau tena kuichaji?

Riek: Nilikuwa napiga pasi bendera yenu! Haya, nenda.

Jadzia: Shangazi, naogopa kidogo. Nijaribu kwanza maneno kwako, halafu nitakapo—

Riek: [mlio tena] Inakufa hii, sema haraka.

Jadzia: Acha uichaji, nikupigie tena jioni tupange—

Riek: Usinipigie mimi, mwanangu! Mimi nimeshaongea miaka themanini! Mpigie yeye. Sasa hivi, kabla hujavua miwan—

[Simu inakatika.]