Mkono wa Majaribio

Ilukor aliendesha tuktuk kutoka Mundika, macho barabarani, masikio yote nyuma.

"Vipele vya mwasho vimenitesa miaka," abiria mmoja, msichana, alisema. "Nikijikuna tu, navimba mistari kama nimechapwa. Sasa hospitalini wananijaribia dawa mpya. Wengine wanapewa dawa, wengine vidonge bila dawa. Hata daktari hajui nani amepata gani."

"Dada, wewe umepewa unga mtupu!" akadakia mama aliyepakata kuku.

"Basi nikune, mama. Kwa nguvu."

Mama akamkwaruza mkononi kwa ukucha. Wakangoja uvimbe. Ilukor akangoja akitazama kwenye kioo, akaingia shimo alilokuwa akilikwepa kila siku.

Wakafika stendi ya Busia, mkono ungali laini, bila mstari hata mmoja.

"Tungoje kidogo," mama akanong'ona, hajauachilia.

Ilukor, ambaye huwafokea abiria wanaochelewa kushuka, akazima injini.