Noti ya Milioni Tano Kutoka Kimamba

Pale Mikumi, upande malori ya Iringa yanakopumzikia, mbele ya banda la kuziba pancha, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Wenyewe wanaliita Bungeni. Hapo Lazaro anauza kahawa, naye jina lake la hapo kijiweni ni Injinia, kwa sababu aliwahi kufungua redio ya jirani na mpaka leo haijafungwa. Mteja wake mkubwa ni mzee Mudi, anayeitwa Kamusi. Wa tatu ni Hezekia, mlinzi wa geti katika hoteli moja ya watalii. Huyu ndiye Dola. Anakusanya noti za nchi za nje, amezipanga kwenye albamu ya harusi yake, na picha za harusi amezihamishia kwenye bahasha. Mkewe Scholastica hajamsamehe.

Asubuhi hiyo Dola hakutulia. Dada mmoja wa Kimamba, kule Kilosa, jina lake Regina, alisikia kwamba ananunua noti za zamani, akawa amemtumia kwa simu picha ya noti aliyoikuta kwenye sanduku la marehemu babu yake, akasema anailetea mwenyewe. Dola aliitambua palepale: noti ya Ugiriki, ya mwaka 1944, yenye kichwa cha mwanamke. Aliitafuta miaka minne, na ukurasa wake wa Ulaya ulibaki na nafasi hiyo moja tu. Tatizo ni kwamba noti yenyewe imeandikwa milioni tano, na mtu akishaona sifuri sita anaanza kuulizia bei ya trekta. Mfukoni Dola alikuwa na elfu kumi na tano.

Basi akawaomba wenzake msaada ambao hapo kijiweni ni wa kawaida. Mtu wao akinunua kitu, iwe simu au baiskeli, wengine wanakiponda mpaka muuzaji achoke na kushusha bei. Malipo walikubaliana ni kahawa mbili kila mmoja, Dola akilipa.

Regina alishuka kwenye kosta, basi dogo la kutoka Kilosa, kabla ya saa tano. Akamwamkia mzee Mudi shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa nafasi kwenye benchi. Alieleza kwamba babu yake alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge, kisha akaitoa noti kwenye mfuko wa nailoni. Dola aliitazama kidogo tu, akageuka kuangalia malori. Mikono ilikuwa inamwasha.

— Hii siyo pesa, mwanangu, akaanza Kamusi. Ni tiketi ya bahati nasibu ya zamani. Ilishachezeshwa.

— Tiketi gani ina picha ya mwanamke? akadakia Injinia. Hiyo ni karatasi ya kufungia sabuni.

— Sabuni ya milioni tano? Regina akauliza.

Injinia alijikuna kisogo, akasema hiyo ni idadi ya sabuni zilizotengenezwa mwaka huo.

Mpaka hapo Dola aliona mambo yanakwenda vizuri. Lakini Kamusi hapendi kupitwa. Akaichukua noti, akaigeuza, akazionyesha zile herufi za Kigiriki kwa kidole.

— Haya ni maandishi ya majini. Wazungu wengine walikuja huku na majini yao, ndiyo maana mkonge ukafa. Nyumba inayokaa na karatasi hii, watoto wanafeli hesabu.

Regina alijisogeza mbali na noti.

— Wangu amefeli mara mbili, akasema.

Akainuka, akaichukua noti kwa ncha za vidole, akalisogelea jiko la mkaa.

— Kaka, nisogezee hilo birika. Tuichome yaishe.

Na Injinia, kwa jinsi alivyozoea kutii wateja, akalisogeza.

Dola hakujua ameinuka saa ngapi. Aliidaka noti juu ya makaa, akaikumbatia kifuani, akaanza kusema yote. Kwamba ni pesa ya Ugiriki. Kwamba ilikuwa wakati wa vita, pesa yao ikashuka mpaka milioni tano hazimfikishi mtu mbali sokoni. Kwamba wakusanyaji wanazo nyingi, kwa hiyo bei yake ni ndogo, ila yeye hana hata moja, na elfu kumi na tano ni bei ya haki kabisa. Maneno yote yalikuwa kweli, na alipokuwa akiyasema aliona aibu, maana angeweza kuyasema tangu mwanzo na noti sasa hivi ingekuwa yake.

— Kumbe ulijua tangu nilipokutumia picha, akasema Regina.

— Nilijua, dada.

Regina aliwatazama mmoja mmoja, bila hasira.

— Ilikuwa tiketi, ikawa sabuni, ikawa jini. Sasa ni pesa ya Ugiriki ya bei ndogo, na bado umeikumbatia hivyo. Niambie, kaka yangu, hapa nimwamini nani?

Kamusi aliangalia kikombe chake. Injinia akalirudisha birika jikoni.

Regina akanyoosha mkono, Dola akamrudishia noti. Regina akaifunga tena kwenye nailoni yake, akaaga kwa adabu zote, akavuka barabara kwenda kusubiri kosta ya kurudi. Dola alitaka kumkimbilia, lakini hakuwa na cha kumwambia. Ukweli alikuwa ameshausema.