Chuma cha Wati Ngapi?

Kijiwe cha baraza la duka la Bahadurali, pale Bagamoyo mjini, hakina mlango wala ufunguo, lakini kina wenyewe. Mwaka ule wa sabini na tatu, Hija muuza kahawa alipokwisha kutua birika lake juu ya jiko la makaa, wenyewe walikuwa wameshaketi. Alikuwapo Kombo, fundi wa bati na vibatari, ambaye mji mzima ulimwita Makopo. Alikuwapo Msabaha, aitwaye Wakili kwa kuwa aliwahi kwenda mahakamani mara moja kutoa ushahidi na tangu hapo hajanyamaza. Na alikuwapo Kitwana, karani wa ghala la korosho, ambaye raha yake ilikuwa kufungua redio na kuchungulia matumbo yake, wakambandika jina la Transista. Nafasi ya nne, ile ya karibu na nguzo, ilikuwa ya mzee Rehani, mtu wa Pangani. Yeye alisikiliza taarifa ya habari jioni na kuimwaga kijiweni asubuhi, ndiyo maana akaitwa Idhaa. Tangu Mfunguo Mosi nafasi hiyo ilikuwa tupu, na sasa ni Mfunguo Tatu. Idhaa alikuwa amelala chumbani kwake ng'ambo ya barabara, miguu imevimba, na redio yake ilikaa kimya ndani ya kikapu cha Kitwana.

Ugonjwa wa redio ulikuwa mdogo kuliko wa mwenyewe. Mguu mmoja wa transista, kidude kisichozidi punje ya hindi, ulikuwa umeachia kwenye ubao wake. Tone moja la lehemu lingetosha. Lakini Kitwana alikuwa mwoga wa mali ya watu: moto ukizidi kidude kinakufa, ukipungua lehemu haishiki. Alikuwa amemshika mzee mkono akamwambia, “Nitakuletea ikiimba,” na tangu ahadi ile alikwepa kulitazama dirisha la ng'ambo. Basi akaja kijiweni kuuliza chuma gani cha kulehemu kinafaa. Hapo ndipo alipojikwaa, maana kijiweni huulizi jambo ukapewa jibu moja.

— Bahadurali anavyo viwili, alisema Kitwana asubuhi ile, kama alivyosema asubuhi nyingi kabla yake. Kimoja cha wati sitini, kimoja cha wati ishirini na tano. Cha arobaini kitakuja na basi kutoka Dar.

— Lini? aliuliza Makopo.

Bahadurali alijibu kutoka ndani, nyuma ya mizani yake:

— Jumamosi.

— Jumamosi ipi, Bwana Bahadurali?

— Ile itakayokuja nacho.

Hija alimimina kahawa.

— Hizo wati ndiyo nini hasa?

— Nguvu ya umeme, alisema Kitwana. Wati zikizidi, na moto unazidi.

— Aa! Mimi nilidhani ni wati za Idhaa!

Wakaangua kicheko. Mpangani yule hakuwahi kutamka “wakati” likatimia. Kwake ilikuwa wati wa kula, wati wa swala, na “wati ule sisi vijana.” Kitwana naye alicheka, kisha akaona vibaya. Kumcheka mtu aliyelala hatua chache kutoka hapo, na redio yake umeikalia, si ungwana.

— Mimi nasema sitini, alisema Makopo. Chuma ni moto. Mimi vyuma vyangu naviivisha kwenye makaa mpaka vinaona haya. Dua la kuku halimpati mwewe.

— Kuku kaingiaje hapo?

— Kuku ni hiyo transista. Ataliaje, moto umeshapita!

— Si ndiyo itakufa!

— Ikifa, si ya kwanza kufa.

Wakili alikohoa, akaweka kikombe chini. Alipokohoa hivyo, watu walijua kesi imeanza.

— Waheshimiwa, suala si wati. Suala ni ncha. Wahenga wamesema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa hiyo chuma kiwe kimepinda. Chuma kilichonyooka hakifiki mvunguni mwa redio.

— Hapo umenena, alisema Hija.

— Na tena kiwe na ncha mbili, kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa.

— Redio ina chawa?

— Ile iliyokuwa ikikoroma ndani yake jioni ni nini?

— Na chuma kiwe cha wapi? aliuliza Makopo. Maana mwanangu mmoja kule Mapinga analo koleo la Mchina, halina ubaya.

— Hapana! Wakili alinyanyua kidole. Redio ya Mzee Idhaa ni ya Mjapani. Ukiilehemu kwa chuma cha Mchina, watagombana humo ndani. Utasikia taarifa ya habari inatoka na matusi.

— Basi cha Mwingereza.

— Cha Mwingereza kitaisomesha kizungu, na mzee hajui kizungu.

— Mimi nimesikia, alidakia Hija, kule Kiwangwa kuna bwana aliyelehemu redio kwa chuma kikali mno. Sasa inakamata habari za kesho.

— Za kesho?

— Wallahi. Mwenyewe kaizima, anaogopa kusikia jina lake kwenye vifo.

Kitwana alikuwa ameitoa redio kikapuni, ameiweka mapajani. Kipande cha lehemu kilikuwa mfukoni mwake tangu Mfunguo Mosi, kimeanza kupoteza mng'aro. Kila jioni jenereta ya Bahadurali ilipoanza kuunguruma alijiambia leo najaribu, kisha akakumbuka sitini ni nyingi, ishirini na tano ni chache, na arobaini iko njiani. Akaenda zake kulala.

— Nyie mnaonaje, nisubiri ile arobaini?

— Subiri, walisema wote kwa pamoja, na lilikuwa ndilo jambo pekee walilowahi kukubaliana. Haraka haraka haina baraka.

Ndipo mlango wa ng'ambo ulipofunguka. Akatoka mama mmoja mtu mzima, kajitanda kanga, akavuka barabara taratibu. Alikuwa Bi Mardhiya, dada wa Rehani, aliyefika juzi kutoka Pangani kumuuguza.

— Shikamoo, Bi Mardhiya.

— Marahaba, wanangu. Yupi kati yenu Transista?

— Ni mimi, bibi. Mzee kaamkaje?

— Kaamka na redio mdomoni. Tangu alfajiri ni neno hilohilo. Namjibu, ananiuliza tena, namjibu, ananiuliza tena, utadhani nazungumza na ukuta. Nikaona nije mwenyewe. Hebu niambie, mwanangu: wati gani?

Uso wa Kitwana ulikunjuka. Katika miezi yote ile hakuna aliyemuuliza swali la maana kama hilo.

— Ishirini na tano haitoshi, bibi, na sitini inaunguza. Nimekata shauri la arobaini.

Bi Mardhiya alimtazama kama anayemtazama mtoto wa watu mwenye homa.

— Arobaini ya nini? Nakuuliza wati. Leo? Kesho? Redio ya kaka yangu inarudi wati gani?

Makopo aliangalia ndani ya kikombe. Hija akaanza kupangusa birika lililokuwa safi. Kitwana alihisi aibu inampanda kutoka miguuni. Umeme hakuna mpaka magharibi, chuma cha arobaini hakijulikani kiko wapi, na mama wa watu kasimama juani anangoja jibu.

— Makopo, alisema, una msumari wa shaba?

— Ninao, lakini si chuma cha...

— Nipe.

Akauchomeka kwenye makaa ya Hija, pale pale chini ya birika lililochemka mbele yao kila siku ya Mungu. Ulipoiva, akaushika kwa kitambaa na koleo la makaa la Hija, akapitisha ncha kwenye lehemu, akaigusisha kwenye mguu wa transista na kuiondoa upesi. Tone likang'aa, likaganda. Kahawa ilikuwa haijapoa vikombeni alipozungusha kitufe, na sauti ya mwanamke ikatoka ikiimba, nzima, bila kukoroma.

Walitazama lile jiko, kisha wakatazamana.

— Kumbe, alisema Makopo.

Walivuka wote, redio mbele. Mzee Rehani alikuwa macho, amekonda, mto umemmeza. Kitwana akaiweka redio karibu kabisa na sikio lake, akaongeza sauti mpaka vikombe vya rafuni vikatetema.

Mzee akageuka, akaipapasa. Akatabasamu.

— Umeileta, Transista. Chuma umepata?

— Nimepata, mzee.

— Eh?

— Nimepata!

Mzee aliitazama midomo yake kama anayesoma mwandiko mbaya. Bi Mardhiya akashika shavu.

— Yarabi! Kumbe hasikii! Juzi nilipofika alinisikia hata nikinong'ona. Ni hii homa ya jana usiku. Imeondoka na masikio yake.

Kitwana akapiga magoti kando ya kitanda. Alitaka kuomba radhi, akaona hana pa kuipitishia. Miezi ile ya arobaini na sitini, ya Mjapani na Mchina, yote ilikuwa imefika hapa ikachelewa kwa usiku mmoja.

— Usisikitike, mwanangu, alisema Idhaa, akimpapasa kichwa. Hata ikiwa kimya hivi, nimefurahi kuiona. Ila niambie kweli, usinifiche. Itaimba wati gani?

Wimbo ulikuwa umefika kwenye kiitikio. Waliusikiliza mpaka ukaisha.