Kuku Mweusi wa Mvua

Kwenye basi la Haneti, mama mmoja alikuwa akimlalamikia mzee aliyeketi naye: majirani wamemnunia kwa sababu amekataa kumtolea mganga wa mvua kuku mweusi.

"Ungetoa tu, mama," alisema mzee. "Mimi nimetoa, na nimebatizwa vilevile. Ila mtama wangu ndio haujabatizwa."

"Mimi namwomba Mungu, baba. Kuku wangu hahusiki."

"Basi mvua ikija usiiguse. Ni yetu sisi tuliotoa."

Shamba lake mama alihamishie wapi ili mvua isiliguse, mzee hakueleza.

Tuliposimama Haneti, mvua ikamwagika. Mama akaifunga Biblia yake kwenye khanga, akashuka taratibu kama bibi harusi, akalowa chapachapa huku akiimba pambio. Mzee mwenye mvua alibaki mlangoni, koti kichwani, akiogopa kulowa.