Sesilia Nandonde na Ramani za Nchi Isiyokuwapo

Tarehe 30 Juni 1985, Bi. Sesilia Nandonde atafunga kidau chake cha wino na kustaafu, baada ya kulitumikia jarida letu la vijana, Dirisha, kwa miaka ishirini na mitatu. Anaondoka na afya njema, macho makali, na mkono usiotetemeka. Tunaotetemeka kidogo ni sisi tunaobaki hapa Chang'ombe.

Aliajiriwa mwaka 1962 kukunja kurasa na kuzishona. Baba yake, mzee Albano, alikuwa mchonga vinyago aliyetoka Newala akafungua karakana Temeke, na Sesilia alikulia katikati ya mashetani ya mpingo kama wenzake walivyokulia katikati ya kuku. Wakati wa chai aliyachora mashetani hayo kwenye mabaki ya karatasi, akayapa magauni na miwani. Mchoraji wetu wa kwanza alipohamia Mwanza, hakuna aliyehangaika kutangaza nafasi.

Kwa miaka kumi na zaidi alichora alichoagizwa: matuta ya mihogo, darasa la kisomo cha watu wazima, mama anayechemsha maji ya kunywa. Kisha mwaka 1978 jirani yake wa Mtoni, baharia Kondo, alirudi safarini na jarida la kigeni lililohusu mchezo wa ajabu. Wachezaji huketi pamoja, kila mmoja akajifanya mtu wa hadithi; mmoja husimulia, na dadu huamua nani kapona na nani kaliwa. Maneno yake yalitushinda wengi. Sesilia alishikwa na picha, hasa ramani ya nchi ya kubuni ya mchezo huo. Wiki nzima alifuata kwa kidole njia za ile nchi isiyokuwapo, hadi akasimama penye kijisitu pembeni mwa ukurasa.

"Hadithi haifiki huku kabisa," alituambia, "lakini huyu mchoraji kaupanda kila mti peke yake."

Ndipo ulipozaliwa mchezo wetu wa Milima ya Kikohozi. Mwinshehe, mtunzi wetu wa hadithi, aliandika kanuni na visa. Sesilia alichora nchi yenyewe kwenye kurasa mbili za katikati. Kulikuwa na Bonde la Mashemeji, Pori la Wasiorudi, na mazimwi ambayo ukiyatazama sana unaanza kuyahurumia. Gregori wa stoo alilalamika kwamba zimwi la toleo la tatu lina pua yake. Sesilia alimwita, akalinganisha, akakubali. Toleo lililofuata zimwi likavaa na ndala zake.

Uzuri wa ramani zake ulikuwa kwenye yale ambayo hakuna aliyemwagiza. Kando ya Pori la Wasiorudi alimweka mwanamke anayeanika makopa ya mihogo, hana habari na zimwi wala safari ya mtu. Wasomaji wakaja hadi ofisini kuuliza huyo mama ni nani na mumewe yuko wapi. Mwinshehe, ambaye hakuwa amemwona, ikabidi amtungie kisa.

Mwaka 1982 karatasi iliadimika, tukalazimika kupunguza kurasa hadi nusu. Mhariri wetu, Ndugu Kamugisha, mtu mwadilifu asiyefanya mzaha na mali ya umma, alisema kikaoni kwamba ramani ziondoke. Nchi yetu halisi bado watoto hawajaimaliza kujifunza, ya kubuni ya nini? Sesilia aliumia, sie tuliokaa naye tuliona, lakini hakubishana. Alimwomba tu mhariri afike naye Tandika Jumapili alasiri, kwa Bi. Mwanabaraka, muuza vitumbua.

Walikuta mkeka umetandikwa uani. Bi. Mwanabaraka, wanawe wakubwa na seremala wa jirani walikuwa wameizunguka ramani iliyobandikwa kwenye ubao, imechakaa kwenye mikunjo. Safari yao ilikuwa imekwama. Mwenzao mmoja kajeruhiwa, chakula kinaisha, na zimwi limeziba njia ya mlimani. Seremala alitaka majeruhi aachwe ili wengine waokoke. Bi. Mwanabaraka akakataa.

"Tukimwacha huyu," alisema, "huko tuendako tutafika sie akina nani?"

Ndugu Kamugisha, ambaye alikuwa bado amesimama na viatu mkononi, aliinama, kisha akapiga magoti kabisa. Alitazama kwa muda mrefu. Mwisho aliweka kidole penye maporomoko ya maji.

"Hapa nyuma pana njia," alisema. "Mbona hampiti?"

Ilikuwapo kweli, nyembamba kama unywele. Miezi yote ile hakuna aliyeiona, hata Mwinshehe, kwa maana Sesilia aliichora bila kumwambia mtu. Walipita, wakamvusha na majeruhi wao, na Ndugu Kamugisha akala vitumbua hadi magharibi. Jumatatu aliondoa ukurasa mmoja jaridani: safu yake mwenyewe. Ramani ikabaki, ikapunguzwa ukubwa tu, na Sesilia akanoa nibu yake zaidi.

Sasa anahamia Goba, ambako ana kijishamba na upepo wa kutosha. Tunu, aliyemfunza kwa miaka minne, ndiye atakayechora toleo lijalo, na tumeona kazi yake: hatuna wasiwasi.

Tulipomuuliza angependa zawadi gani, alikataa saa, akakataa na redio. Alisema katika miaka yote hii ya kuchora hajawahi kurusha dadu hata mara moja, kwani kila wenzake walipocheza yeye alikuwa anawahi toleo linalofuata. Basi Jumamosi, baada ya hotuba za kumuaga, atacheza. Kachagua kuwa mwindaji, na kamwonya Mwinshehe asimwonee huruma.

Asante, dada yetu, kwa kila mti. Tunakuombea siku njema na ndefu huko uendako, na dadu ikuangukie vizuri.

Yustina Chilumba, chumba cha chapa