Mzee Zamoyoni na Mlango wa Chumba cha Nyaya

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Ndugu Zamoyoni Abdulhalim, fundi mkuu wa kituo cha kupoza umeme cha mgodi wetu hapa Masumbwe, atarudisha funguo na kustaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Januari Mageni, fundi msaidizi wake, kazi ya kuandika wasifu huu, na imesisitiza niandike mambo ya kuchangamsha. Nitajitahidi. Ila wote mnajua kwamba kati yangu na Mzee yupo marehemu kaka yangu Boaz, na siwezi kuandika kana kwamba hakuwahi kuwepo.

Mzee ni mtoto wa fundi cherehani wa Shinyanga mjini. Alisomea umeme, akafanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba mpaka kiwanda kikafungwa, na mwaka 1999 akaja hapa, ofisi zetu zikiwa bado mahema. Kisukuma anakiongea vizuri kuliko baadhi yetu tuliozaliwa nacho. Kilichomshinda ni ugali wa udaga, yaani wa muhogo uliovundikwa. Miaka yote hii anaula amekunja uso kama anayekunywa dawa, halafu anasema mtamu.

Kwa wasioijua kazi yetu, ndani ya swichi kubwa za kituo kuna gesi inayoitwa salfa heksafloraidi. Sisi mafundi tunaiita esiefu. Swichi inapokata umeme mkubwa, cheche huruka yenye nguvu ya kuyeyusha chuma, na gesi hii huizima hapo hapo. Haiungui na haina rangi wala harufu. Kwa kazi hiyo haina mpinzani, na ndiyo maana mitambo ya mgodi inazunguka usiku na mchana bila kituo kuwaka moto.

Ubaya wake ni mwingi pia. Ni nzito kuliko hewa karibu mara tano, kwa hiyo ikivuja inatuama mahali pa chini kama maji kwenye dimbwi, na inaisukuma nje hewa tunayovuta. Ukiingia humo hukohoi wala husikii kizunguzungu cha kukuonya. Unaanguka tu. Na ikitoroka kwenda angani, kilo yake moja inashika joto sawa na zaidi ya tani ishirini za hewa ya ukaa, na inakaa huko kwa zaidi ya miaka elfu.

Zamani, tukitaka kufungua swichi kwa matengenezo, tulikuwa tunafungua koki na kuiachia gesi yote hewani huku tunapiga soga. Mzee ndiye aliyekomesha mchezo huo. Alimsumbua kila meneja aliyepita hapa mpaka ikanunuliwa mashine ya kunyonya gesi na kuirudisha kwenye mitungi. Meneja mmoja alimuuliza mvuke kidogo namna hiyo unamdhuru nani. Mzee akamjibu, “Mkuu, ukiiachia leo, vitukuu wako wataikuta huko juu bado ni mpya. Mvua zenyewe unaziona zinavyotuchezea.” Kila Ijumaa alipima uzito wa mitungi kama mama aliyepeleka mtoto kliniki, na uzito ukipungua hata kidogo hatukwenda nyumbani mpaka tujue ilikovuja.

Kuna mwaka, kwenye sherehe ya kufunga mwaka, vijana wa ofisini walijaza esiefu kwenye puto wakawa wanaivuta ili sauti ziwe nzito kama za mazimwi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee alikuja na kijiti cha nyama choma akalitoboa lile puto, akauchukua mtungi, akakaa juu yake mpaka sherehe ikaisha. Tulimwita mzee wa roho mbaya. Boaz ndiye aliyemtania kuliko wote.

Boaz na mimi tulikuja hapa kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Duarani kuna sheria moja ambayo hakuna anayefundishwa kwa sababu kila mtu anaijua: mwenzako akianguka chini, unashuka. Hata kama unakufa, unashuka. Mtu aliyemwacha mwenzake shimoni hapati tena wa kuchimba naye.

Mwaka 2016 mpira wa kuzibia swichi mojawapo ulichakaa, na gesi ikateremka kimya kimya kwenye chumba cha nyaya kilicho chini ya sakafu. Asubuhi Boaz alishuka kukagua nyaya. Hakunusa kitu, hakuona kitu. Nilisikia tochi yake ikigonga sakafu, nikakimbilia ngazi, na Mzee akawa ameshafika mlangoni kabla yangu. Aliwasha feni, akashika vyuma vya pande mbili za mlango, akakataa kupisha. Nilimpiga. Nilimng'oa jino, nikamuuma mkono, nikamwita muuaji. Alichosema ni kimoja tu, akikirudia: “Mwanangu, huko hakuna hewa. Mwanangu, huko hakuna hewa.”

Waokoaji walipofika na mitungi ya kupumulia, kaka alikuwa amekwisha kufa. Daktari alisema hawezi kujua alikufa saa ngapi.

Hapo ndipo mambo yaliposimama mpaka leo. Shemeji yangu Esta, mjane wa Boaz, anaamini mumewe alikuwa bado anapumua wakati Mzee ameziba mlango. Kila siku ya gulio Mzee humwamkia kwa Kisukuma, “Mwangaluka, mayo,” yaani umeamkaje mama, na kila siku ya gulio Esta humpita kama nguzo ya umeme. Kwetu kumnyima mtu salamu si jambo dogo, na kwa mtu wa umri wake ni jambo kubwa sana. Mzee hajawahi kulalamika, wala hajawahi kubadili njia ili asikutane naye.

Sikutaka kulitaja jina la marehemu bila ruhusa, kwa hiyo juzi nilikwenda kwa shemeji. Nilimkuta anapepeta mpunga, na hakuacha kupepeta.

“Andika,” alisema. “Na uandike kwamba sijamsamehe. Usipambe.”

Nilisema sawa. Baadaye akaweka ungo chini.

“Shemeji, mimi kila nikilala namsikia Boaz anahema mule ndani. Asubuhi nikiamka nakuona wewe unafunga ng'ombe plau, unanilimia, watoto wa kaka yako wanasoma. Mzee yule angekupisha ningezika wawili siku moja. Sasa mtu wa namna hiyo nimwambie nini?”

Nampenda Mzee huyu kama baba, na zipo siku bado natamani angenipisha. Yote mawili ni kweli.

Nilipoaga, shemeji alinipa ujumbe, nami naufikisha hapa mbele ya wote, maana ndio zawadi pekee ya sherehe hii ambayo kamati haikuchangia.

Mzee Zamoyoni, asante kwa kazi, na asante kwa roho yangu. Kabla wewe na mkeo Mama Safiya hamjapanda basi la Chato mlikojenga, Esta anasema upite nyumbani kwake. Hatakusalimia, na anaomba usimwombe radhi. Atakupa maji ya kunywa, na kwetu maji hayapewi adui. Yanywe yote, umrudishie kikombe mkononi, ndipo uende. Sisi wengine tunakutakia uzee wa amani huko ziwani.