Mama Maji na Tangi Lake la Mwisho

Ndugu waombolezaji, majirani, marafiki na wote mliokuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, shemeji yake, mdogo wa mumewe, nisome maisha ya mama huyu ambaye wengi wenu mlimwita Mama Maji, nami nimekubali ingawa yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba nikipewa kipaza sauti sijui kukirudisha, kwa hiyo nitajitahidi kwenda kwa utaratibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ghala la mbao, akiwa mtoto wa pili na binti wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, na mama yake alipenda kusimulia kwamba alikuja duniani kabla ya wakati wake, tabia ambayo hakuiacha kwa miaka mingi, kwani alitembea mapema, akaongea mapema, na akiwekwa jikoni kuangalia chungu alikifunua kila mara kuona kama chakula kimeiva, hadi mvuke wote ukaisha na chakula kikabaki kibichi.

Alianza shule ya msingi Januari 1963, akamaliza sekondari mwaka 1973, na mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba binti huyu anajua majibu ila anayaandika kabla ya kumaliza kusoma swali, kisha akasomea upigaji chapa na kazi za ofisi, akaajiriwa mwaka 1976 katika kampuni ya bima, na ni huko alikokutana na kaka yangu, fundi umeme, aliyekwenda kurekebisha taa za masijala. Walifunga ndoa tarehe 23 Agosti 1980, na kaka anasema kwamba alikuwa ameandaa maneno mazito ya kumposa, akayakariri mbele ya kioo, lakini alipofika katikati mwenzake akamwambia, "Nimekubali, sasa kaa ule," na hadi leo maneno yaliyobaki hajapata mtu wa kumwambia. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1982 na kijana mwaka 1986, wote wapo hapa pamoja na watoto wao.

Mwezi Aprili 1984 alihamia kliniki ya meno, mapokezi, meza iliyotazamana na mlango, na huko alifanya kazi hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2016. Mwaka 1991 daktari wa meno alinunua tangi la kioo la kufugia samaki wa mapambo, akaliweka chumba cha kusubiria ili watoto wapunguze kulia, na shemeji yangu, kama kawaida yake, akalijaza maji ya bomba asubuhi na kutia samaki mchana, na kabla wiki haijaisha samaki wote wakaelea tumbo juu mbele ya wagonjwa, mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama na wao wameng'olewa meno, na nusu ya foleni ikaondoka.

Alilia kweli, si kwa aibu tu, na akaenda kwa muuza samaki kumgombeza, lakini yule muuzaji akamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa na kumweleza kwamba maji mapya hayana wa kuyasafisha, kwamba uchafu wa samaki hugeuka sumu iitwayo amonia, kisha vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho huila amonia na kuacha sumu ya pili, nitriti, kisha vijidudu vingine huila hiyo ya pili na kuacha kitu chepesi ambacho majani ya majini na kubadilisha maji kidogo kidogo vinakimudu, na kwamba vijidudu hivyo hukaa kwenye sponji ya chujio na huzaliana kwa muda wao, hata ukiwapigia magoti. Alirudi akaanza upya bila samaki, akidondosha chembe za chakula ili zioze na kuwalisha wale wasioonekana, akipima maji kila asubuhi kwa dawa ya matone, na daktari alipouliza samaki wataingia lini, alimjibu kwamba daktari hang'oi jino ganzi haijashika. Sisi tuliomfahamu tulishangaa, maana tangu hapo mwanamke aliyekuwa akifunua chungu alijifunza kukaa kitako, na tangi lile liliishi pale hadi alipostaafu, kisha ukuta ule ukawekwa televisheni.

Wenzake walimuaga kwa kumpa tangi dogo, likakaa juu ya kabati ndani ya boksi lake, kwa sababu wajukuu walikuwa wadogo na kitu chochote cha kioo kilikuwa hatarini. Oktoba 2021 miguu ilianza kumvimba, akapimwa, ikaonekana figo zimechoka, akawa anakwenda hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Mei 2023 moyo nao ukaanza kulegea, madaktari wakatuita, wakatuambia kwa upole kwamba tusipange mambo ya mbali. Aliporudi nyumbani aliomba jambo moja tu, tangi lishushwe, liwekwe kwenye meza miguuni pa kitanda chake, kwa kuwa alitaka kuona samaki wakiogelea kabla hajaondoka, na tarehe 29 Mei likajazwa maji. Wageni waliomkuta akilisha tangi lisilo na samaki walitutazama kwa jicho la kuuliza kama dawa zimempanda kichwani.

Amonia ilipanda, ikaanza kushuka, nitriti ikaonekana, na mambo yalikuwa yakienda vizuri hadi tarehe 24 Juni, wifi yake, yaani dada yetu mkubwa, mama ambaye akifua nguo hufua na kamba ya kuanikia, alipokuja kumuuguza, akaona sponji ya kahawia yenye utelezi, moyo ukamuuma kwamba mgonjwa anatazama uchafu, akaitoa, akaisugua kwa sabuni hadi ikang'aa. Marehemu alipoamka na kuiona, alicheka, kisha machozi yakamtoka, kwa sababu alijua kilichokuwa kimeondoka na alijua hana muda wa kukirudisha. Muuza samaki alimpa kipande cha sponji kuukuu chenye vijidudu tayari, lakini samaki wake wiki ile walikuwa na ugonjwa wa madoa meupe, akakikataa, tangi likaoshwa lote na kuanza mwanzo.

Kijana wake alimsihi wanunue samaki hivyo hivyo, maji wangebadilisha kila siku, mama aone, basi. Alimjibu maneno ambayo sote tuliyasikia, "Mwanangu, damu yangu yenyewe imejaa uchafu usiotoka, najua kulivyo kuishi humo, simpi kiumbe mwingine hali hiyo ili macho yangu yafurahi." Kisha akamwita wifi yake, aliyekuwa amejificha jikoni akilia, akampa vichupa vya kupimia na kumwambia, "Utapima wewe, kwa sababu humu ndani wewe peke yako hutalirudia kosa hili," na kila asubuhi wakawa wanasoma rangi pamoja, vichwa vimegusana.

Tarehe 18 Julai 2023, saa kumi na moja alfajiri, mama huyu alitutoka, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe, na samaki hakuwaona. Jana watoto wake walikuja na samaki sita ndani ya mfuko, wakitaka mtakaporudi nyumbani leo mkute tangi lina uhai kwa heshima ya mama yao, lakini wifi yake alichukua kichupa, akadondosha matone, akatikisa, akakishika mbele ya karatasi nyeupe, rangi ikatoka zambarau, yaani nitriti bado imejaa, akasema, "Lieni mnavyotaka, ila hawa warudisheni," na samaki wakarudishwa dukani kusubiri. Kwa hiyo mtakaofika nyumbani mtaona kioo chenye maji, mawe na majani matupu, msishangae, na tafadhali asitokee mwema yeyote wa kutusaidia kuosha chochote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia alipowauliza chujio lao hubadilishwa lini, majirani waliotuletea viti na chakula, wafanyakazi wenzake wa kliniki, muuza samaki, na wewe dada yetu, wifi wa marehemu, ambaye hukuondoka kitandani pake.

Lala salama, shemeji, Mungu akupokee. Nitriti inashuka, na dada hataki kuharakishwa na mtu.